Uzi maalumu: Tengenezeni parachuti na watoto likizo hii, waielewe hewa kwa mikono yao

#1 Baba Salma wa Kimara

Wakuu, habari za Jumapili.

Likizo ya Juni ndiyo hii, watoto wamejaa nyumbani na runinga haizimwi. Naweka hapa zoezi moja la sayansi ninalolifanya na wanangu na watoto wa majirani: kutengeneza parachuti. Naandika kwa urefu kwa sababu wengi tunalifanya nusunusu. Mzazi anafunga kamba nne kwenye kipande cha nailoni, anarusha juu mara moja, watoto wanashangilia, basi. Mtoto amefurahi, lakini hajaondoka na kitu. Sayansi inaanza pale anapoona parachuti la mwenzake limechelewa kutua kuliko lake, akataka kujua kwa nini, na wewe ukajizuia kumjibu. Unamuuliza: tubadilishe nini ili tujue? Kimoja tu, vingine vyote vibaki vilevile.

Vifaa. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, usitafute, zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na hazihitajiki. Mfuko mweusi wa taka, ule mwembamba, ukiupasua pembeni unatoa maparachuti kadhaa. Kama una mwavuli wa mvua uliovunjika mbavu, usiutupe, kitambaa chake ni kizuri kuliko vyote. Kamba: uzi wa kufumia vitambaa vya makochi. Uzi wa cherehani ni mwembamba mno, unajisokota na watoto wanakata tamaa. Mzigo: kikopo cha mtindi chenye vizibo vya soda ndani. Vizibo ni muhimu kwa sababu vinalingana uzito, kwa hiyo hata asiye na mizani anaweza kusema "hili lina vizibo 10, lile lina 20" na hesabu ikasimama.

Kukata. Kata mraba wa sm 40 kila upande. Ukunje mara mbili upate mraba wa sm 20, kisha ukunje tena pembe kwa pembe kupitia ile kona ambayo ndiyo katikati ya karatasi nzima. Kutoka kwenye kona hiyo pima sm 20 kwa rula, weka alama sehemu tatu nne, kata kwa kuzifuata. Ukikunjua unapata duara la sm 40 lenye mikunjo 8 inayotoka katikati, na kila mkunjo unapofika ukingoni ndipo kamba inapofungwa. Bandika selotepu pande zote mbili kabla ya kutoboa kwa sindano, la sivyo nailoni inachanika. Kamba 8, kila moja sm 40, zilingane kabisa. Kamba zikiwa fupi sana duara halifunguki lote. Zikipishana urefu, parachuti linalala upande mmoja na kukimbilia huko.

Pa kuangushia. Sisi wa Dar tuna upepo wa baharini, ukifika mchana parachuti lako linaishia kwenye bati la jirani. Fanyeni asubuhi mapema, au ndani kwenye ngazi za ghorofa zenye uwazi katikati. Anayeangusha awe mtu mzima. Mtoto akae chini na saa ya simu, na kengele ni neno moja: "Achia!"

Kabla ya parachuti, anza na karatasi mbili za daftari zilizo sawa. Moja ifinyange iwe mpira, nyingine iache wazi, ziachie pamoja. Waulize kwanza ipi itatangulia na kwa nini. Wengi watasema nzito ndiyo inawahi. Lakini uzito ni uleule, karatasi ni ileile! Hapo ndipo wanapoanza kuishuku hewa. Waambie pia kwamba mita moja ya ujazo ya hewa tunayoivuta hapa mjini ina uzito wa zaidi ya kilo 1. Salma aliposikia hivyo alinyoosha mkono akaupeleka huku na huku hewani, kama anatafuta kilo hiyo iko wapi.

Sasa tengenezeni maparachuti mawili, moja la kipenyo cha sm 20 na jingine la sm 40, vizibo 10 kila moja. Kabla ya kuangusha, chora maduara hayo kwenye karatasi yenye viboksi wahesabu viboksi. Upana umekuwa mara mbili, lakini viboksi vimekuwa mara nne. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mtoto haamini, anahesabu upya. Hewa inasukuma eneo lote, haisukumi upana tu, na msukumo wake unaongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo eneo likiwa mara nne, mwendo wa kushuka unapungua nusu. Kutoka urefu wa mita 6 hivi, kikopo bila parachuti kinafika chini kwa sekunde moja na kitu kidogo. Lenye sm 20 linachukua kama sekunde 2, la sm 40 zaidi kidogo ya 3.

Mtoto mmoja alale chali chini kabisa, pembeni ya pale linapotua, aangalie juu. Ataona kingo zinapigapiga kwanza, kisha katikati panajaa ghafla, na kuanzia hapo kikopo hakiongezi tena kasi. Kani inayokivuta chini na ukinzani wa hewa unaokizuia vimelingana. Akiona hilo kwa macho, sentensi ya kitabuni inakuwa rahisi.

Uzi tayari, karibuni.

#2 Mama Junior, Tabata

Kaka yangu asante kwa madini haya. Mimi na Junior tumetengeneza leo hii hii kwa mfuko wa taka. Linafunguka vizuri ila linayumba sana, linaenda kulia, linaenda kushoto, mpaka kikopo kinamwaga vizibo njiani. Kamba nimepima, zote sawa. Tatizo nini?

#3 Baba Salma wa Kimara

Dada, tatizo hilo lina historia yake. Mwaka 1797, tarehe 22 Oktoba, Mfaransa André-Jacques Garnerin alipanda kwa puto juu ya Paris, akakata kamba na kushuka kwa parachuti la hariri. Alifika mzima, lakini aliyumbishwa vibaya mno njia nzima. Parachuti lake halikuwa na tundu juu.

Hewa iliyonaswa chini ya duara lazima itoke mahali. Ikikosa njia inachoropoka ukingoni, mara upande huu, mara ule, na kila ikichoropoka inalisukuma parachuti upande wa pili. Ukitoboa tundu katikati juu, hewa kiasi inatoka hapo kwa utulivu na kuyumba kunapungua. Kwa duara la sm 40 anza na tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200.

Ila nakuomba usimwambie Junior jibu. Mwambie aangalie hewa inatokea wapi. Afunge vipande vya uzi mwepesi ukingoni aone vinavyopepea.

#4 Fundi Kombo (cherehani)

Salaam wadau. Naongezea upande wa vitambaa, maana ndiyo kazi yangu.

Baada ya rambo kuondoka, watu wengi watakimbilia hii mifuko mbadala, ile laini inayofanana na kitambaa. Inaonekana inafaa lakini ina vitundu vidogo kila mahali. Namna ya kujua: weka kitambaa mdomoni, kiganja kiwe upande wa pili, puliza. Ukihisi pumzi kiganjani, hewa inapita, parachuti litashuka haraka. Fanya hivyo kwa mfuko mbadala, kisha kwa kitambaa cha mwavuli, kisha kwa kanga. Kwenye mwavuli hutahisi kitu. Kanga inapitisha kidogo, tena ni nzito kwa parachuti dogo.

Kwa mafundi wenzangu, vipande vya bitana vinavyobaki mezani ni mali kwa watoto hawa, msivitupe. Chagueni ile bitana iliyoshikana, inayoteleza. Na usipinde ukingo kwa cherehani, pindo linaongeza uzito pembeni. Pitisha ukingo haraka kwenye moto wa mshumaa ili nyuzi zisitoke. Hilo afanye mkubwa.

#5 Mdau wa Mbagala

Sipingi zoezi, ila niseme linaloniuma. Mwanangu yupo darasa la nne, mwisho wa mwaka ana upimaji wa taifa. Kila mzazi anatafuta mwalimu wa tuisheni, anatafuta mitihani iliyopita. Nikimpeleka ghorofani akaangushe vikopo asubuhi nzima, wenzake wanasoma. Na la pili, tunafundisha mazingira huku tunakata mifuko ya plastiki vipande vipande? Vikipeperuka vinaishia mtaroni, na mitaro ya kwetu mvua ikinyesha mnaijua.

#6 Mwalimu wa Temeke

Baba, hoja zako zote mbili nazichukua kwa uzito.

La mazingira uko sahihi, na dawa yake ni kuhesabu. Kwangu kila kundi linapewa vipande kwa idadi na linarudisha kwa idadi, hata vile vidogo vya pembeni. Maparachuti yenyewe tunayatunza kwenye boksi mpaka muhula ujao.

La upimaji, niseme kama mtu ninayefundisha somo la sayansi darasa la nne. Watoto wanaonishinda darasani wanajua kuandika "hewa ina uzito, hewa ina nguvu" kama wimbo. Ukiwauliza kwa nini jani linachelewa kuanguka kuliko jiwe, wanaduwaa. Wamekariri. Aliyekwisha angusha parachuti akapima, ukimbadilishia swali hababaiki, kwa sababu anarudi kwenye alichokiona. Na kuna hesabu humo ndani ambayo tuisheni inalipisha: eneo, wastani, grafu, vipimo vya muda. Asubuhi hiyo hajapoteza.

Shule niliyopo haina chumba cha maabara na darasa langu ni kubwa sana. Nafanya hivi. Makundi ya watoto watano, na kila mmoja ana kazi: mwenye parachuti, mwenye saa, mwandishi, mwokotaji, na mwangalizi ambaye haruhusiwi kugusa kitu, kazi yake ni kutazama na kusema alichoona. Tunapokezana. Kundi moja linabadilisha ukubwa tu, jingine urefu wa kamba tu, jingine idadi ya vizibo, jingine aina ya kitambaa. Kila parachuti linaangushwa mara tatu, na tunachukua muda wa katikati, kwa sababu mtoto akichelewa kubonyeza saa hata kidogo, kwa mianguko mifupi namna hii hesabu yote inaharibika. Halafu kila mwandishi anakuja kuandika ubaoni.

Kelele ni nyingi, walimu wa madarasa ya jirani wasamehe. Lakini ukifika ubaoni darasa linatulia lenyewe, kwa sababu kila kundi linataka kujua namba za wenzao. Siku moja kundi la vizibo lilileta jibu lililowagawa. Walitoka vizibo 10 hadi 40, wakategemea muda utagawanyika kwa nne. Uligawanyika kama kwa mbili tu. Mabishano yakaanza, wengine wanasema saa mbovu. Nikawaacha wabishane mpaka msichana mmoja akasema, "Mwalimu, mbona kundi la ukubwa nao eneo mara nne wamepata mara mbili?" Sikuwa na la kuongeza.

#7 Mdau wa Mbagala

Mwalimu nimekuelewa. Hili la mwangalizi asiyegusa kitu nalibeba. Mwanangu ni wa kugusa kila kitu.

#8 Mzee wa Upanga

Vijana wangu, nimesoma yote na nimefurahi. Nina jambo moja lakini ni kubwa, naomba mwenye uzi alipandishe juu kabisa.

Mtoto akishaelewa parachuti, wazo linalofuata kichwani mwake ni kuruka mwenyewe. Atachukua kanga ya mama au mwavuli, atapanda ukutani au kwenye paa. Tangu ujana wangu nimeona watoto wakivunjika mikono hivyo. Msiseme tu "usifanye." Mpigieni hesabu.

Kanga moja ina upana wa mita moja na nusu kwa moja na kidogo, yaani haifiki mita 2 za mraba. Mtoto wa kilo 25, ili ashuke kwa mita 5 kwa sekunde, anahitaji kitambaa cha mita za mraba kama 20. Hizo ni kanga zaidi ya 12 zilizounganishwa! Na hata angekuwa nazo, kutoka paani anafika chini kabla kitambaa hakijajaa hewa. Tena hizo mita 5 kwa sekunde si mwendo wa kutua kama manyoya. Ni sawa na kuruka kutoka ukuta wa mita 1 na sm 30. Askari wa miavuli, wale wanaoruka kwa maparachuti, wanatua kwa mwendo wa namna hiyo au zaidi, ndiyo maana wanafundishwa kwa muda mrefu namna ya kukunja magoti na kubiringika.

Mtoto akizihesabu kanga hizo mwenyewe, hutahitaji kumfokea.

Na wenye watoto wadogo sana, mifuko ya nailoni isibaki sakafuni. Mtoto anajivika kichwani anakosa pumzi. Kateni, kisha mabaki yaondoke.

#9 Baba Salma wa Kimara

Shikamoo mzee wangu. Nimelipandisha juu, na jioni hii hii nakaa na watoto wapige hesabu ya kanga. Ahsante sana.

#10 Mama Junior, Tabata

Shikamoo mzee. Nami nimeipata.

Kaka, tundu limefanya kazi. Junior alifunga nyuzi ukingoni kama ulivyosema, akaona zinainuka upande mmoja kisha upande wa pili, akasema mwenyewe "mama, inatokea pembeni." Tumetoboa na halimwagi vizibo tena. Sasa anataka tundu kubwa zaidi, nami namwona kama ataharibu. Na ana swali ambalo limenishinda: kwenye Mwezi parachuti linafanya kazi?

#11 Mzee wa Upanga

Marahaba wanangu.

Mwambie Junior kwenye Mwezi hakuna hewa ya kulijaza, lingeanguka kama kitambaa kilichofungwa kwenye jiwe. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa pamoja akiwa amesimama Mwezini, vikagusa chini wakati mmoja. Picha za video zipo, mtafutie aone.

Sayari ya Mirihi (Mars) ni kisa kingine, hewa ipo ila ni nyembamba mno, haifiki asilimia 1 ya kanieneo ya hewa yetu. Chombo cha Perseverance kilipotua huko tarehe 18 Februari 2021 kilitumia parachuti la upana wa mita 21.5, na bado halikutosha peke yake. Mwishoni ilibidi roketi zimalizie kazi.

#12 Baba Salma wa Kimara

Kuhusu tundu dada, mwache alipanue, kidogo kidogo, apime kila hatua. Patafika mahali ambapo utulivu hauongezeki tena ila muda wa kushuka unazidi kupungua. Akipaona mwenyewe hapo hatapasahau. Kipande kimoja cha mfuko wa taka ni gharama ndogo.

#13 Kijana wa Sinza

Wakuu, mimi ni mjomba wa watoto wasiotulia. Wameshamaliza vizibo, sasa wanataka kushusha yai zima kutoka ghorofa ya pili. Niwape parachuti la ukubwa gani?

#14 Baba Salma wa Kimara

Mjomba, yai la kuku wa kisasa lina gramu 50 hadi 60, tufanye mara tatu ya vizibo 10. Ili mwendo ubaki uleule, eneo nalo liwe mara tatu, na kipenyo kinatoka sm 40 kufika karibu sm 70. Mfuko mkubwa wa taka unatosha. Kamba nazo zirefuke kufika sm 70.

Lakini ukubwa huo peke yake hautaliokoa yai. Kwa hesabu ileile ya mzee ya ukuta, parachuti hilo linatua kwa mita 1.8 kwa sekunde hivi, ambayo ni sawa na kuliangusha yai tupu kutoka sm 16 au 17. Kwenye sakafu ya saruji linapasuka. Kwa hiyo wape kazi mbili. Kwanza watengeneze kikopo chenye kitu laini ndani, pamba, nyasi kavu, vipande vya godoro, chochote watakachochagua. Pili, wakijaribu chini kwanza: yai likiwa ndani ya kikopo, waliachie kutoka sm 20 juu ya sakafu, na kuwe na sinia chini. Likinusurika hapo, ndipo mpande ghorofani. Vitu laini navyo vina uzito, wakumbuke kupima upya kabla ya kukata duara.

Yai litakalopasuka likiwa ndani ya mfuko safi, kaangeni.

#15 Fundi Kombo (cherehani)

Mjomba wa Sinza, kama mfuko wa taka unakuchanikia kwenye sm 70, chukua kitambaa cha miavuli miwili iliyokufa. Fumua vipande vyake vya pembetatu, vinginevyo umbo lake la bakuli litakusumbua kukunja. Unganisha kwa mshono mmoja tu, na kila kamba ifungwe juu ya mshono, hapo ndipo penye nguvu. Kwa fundi viatu wa mtaani wako miavuli ya namna hiyo haikosi, mwombe.